Magoti ya Felicitas

Kwanza ijulikane kwamba Felicitas hakuwa mwanamke mjeuri. Waliomwita mjeuri walianza baada ya baiskeli. Kabla ya baiskeli walikuwa wakimtolea mfano. Katika ukoo mzima wa marehemu mumewe, Wahaya waliotoka Kanyigo wakatapakaa Dar es Salaam kuanzia Kibamba mpaka Tegeta, hakukuwa na mkwe aliyejua kuamkia kama yeye. Kwao mwanamke humwamkia mkubwa kwa kupiga magoti, sakafu iwe ya vigae au ya vumbi. Mabinti wa siku hizi hukunja goti kidogo kama mtu aliyeangusha funguo, wakanyanyuka haraka wasichafue nguo. Felicitas alishuka mpaka chini, akatulia, akangoja aitikiwe, ndipo akanyanyuka. Mama mkwe wake, Mama Paskazia, alikuwa akiwaambia wageni, "Mwangalieni huyu. Huyu alilelewa."

Basi mtu aliyelelewa namna hiyo akakaribia miaka hamsini, mjane, watoto wake wawili wameshaanza maisha yao mikoani, akanunua baiskeli.

Sababu ilikuwa foleni. Felicitas alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali pale Mwenge, na nyumba yake ilikuwa Tegeta. Kila asubuhi aliondoka na giza na kila jioni alirudi na giza, na katikati yake alitazama migongo ya magari. Siku moja akashuka njiani, akaingia kwenye ua wa vitu vya mtumba kutoka Japani, akatoka anasukuma baiskeli ya kike yenye kikapu mbele. Wiki ya kwanza alitukanwa na madereva wa aina zote. Wiki ya pili alianza kuwatukana yeye, moyoni, maana alikuwa mtu wa kanisani. Mwezi wa tatu alimpita kijana mmoja aliyevaa kaptura ya kubana na kofia ngumu, mwenye baiskeli nyembamba ya bei mbaya. Kijana akamfuata kwa hasira mpaka Makonde, akamshika akihema, akamwuliza, "Mama, wewe unafanya mazoezi na klabu gani?"

Klabu yenyewe ilikuwa ya watu wanaoogelea, wakaendesha baiskeli, wakakimbia, vyote siku moja, mfululizo, kwa hiari yao na bila kukimbizwa na mtu. Felicitas alicheka sana alipoelezwa. Halafu akawaza. Kuogelea alikujua tangu utoto, maana kwa wazazi wake ni Kemondo, ziwa liko mlangoni. Baiskeli ndiyo hiyo. Kukimbia tu ndiko hakukupenda, na mpaka leo hakupendi.

Aliyemshika mkono pale klabuni alikuwa Fizza, mama mmoja wa Kihindi, Mshia, mwenye duka la vigae Tegeta kwa Ndevu. Fizza aliogelea amejifunika kutoka kichwani mpaka kwenye vifundo vya miguu, akawaacha wanaume majini wakihangaika na pumzi. "Kwetu pia walisema, tena walisema sana," alimwambia Felicitas siku ya kwanza, wakikausha miguu ufukweni Kunduchi. "Mie nikawaambia, nionyesheni palipoandikwa mwanamke asichoke. Hawakupaona."

Neno hilo lilimwingia Felicitas kwa sababu lilikuwa lake. Maisha yake yote alikuwa amechoka, lakini kwa ajili ya watu. Alichoka kwa wadogo zake, akachoka kwa watoto, akachoka kwa mafaili ya wakubwa wasiojua kurudisha faili. Mumewe Revelian alipougua, alimbeba, alimgeuza, alimwogesha miaka minne, mpaka mikono yake ikawa na misuli kama ya kuli, na siku ya mazishi watu walisifu uvumilivu wake wakampa na sahani ziende jikoni. Sasa alitaka kuchoka kwa ajili yake mwenyewe. Alitaka achoke mpaka mwisho, asiwepo anayefaidika. Akisema hivyo mbele ya watu wangemwona mchoyo, kwa hiyo hakusema, akawa anaendesha tu.

Sikio halilali na njaa, na siku hizi jicho nalo lina simu. Mtu wa ukoo alikuwa kwenye gari Bunju, akampiga Felicitas picha kwa nyuma, ameinama juu ya baiskeli nyembamba ya mashindano aliyoinunua baada ya kuingia klabuni, amevaa ile nguo yao ya kubana. Picha ikatumwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp bila maneno. Maneno yaliongezwa na wengine.

Kikao kikaitwa Kibamba, nyumbani kwa Theonest, Jumapili baada ya misa. Theonest alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mhasibu mstaafu, na mkubwa wa ukoo huku Dar. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye uhakika, na huyo ndiye wa kumwogopa zaidi. Mama Paskazia, mama yao, alikuwa akiishi kwake, na siku hiyo alikaa kwenye kochi la pembeni, fimbo mapajani. Felicitas aliingia, akampigia magoti kama kawaida, akaitikiwa kama kawaida. Ndizi zikaliwa kwanza, kwa sababu Mhaya hagombani na njaa tumboni.

"Shemeji," Theonest akaanza, "mke wa marehemu Revelian anaonekana Barabara ya Bagamoyo amevaa nguo inayoonyesha mpaka alichokula asubuhi."

"Nilikula ndizi, shemeji. Sioni aibu yake."

Watu wakatazama sakafu. Hapakuwa na mtu aliyewahi kumsikia Felicitas akijibu.

"Unatafuta nini huko?"

"Natafuta kumaliza."

"Kumaliza nini, wewe mwanamke? Una wajukuu wanaokuja! Ukifia barabarani, nani ataeleza? Nitasimama mbele ya watu Kanyigo niseme mjane wa mdogo wangu amekufa akishindana na vijana?"

"Utasema amekufa akiwa mbele yao."

Hapo Theonest akapiga meza. Akasema hapendi maneno ya mitaani, akasema heshima ya ukoo si ya mtu mmoja, akasema baiskeli iuzwe. Felicitas akasema haiuzwi. Na kwa kuwa alikuwa na hasira, na hasira ni mshauri mbovu hata mtu akiwa na haki, akaongeza lile ambalo halikuombwa. Alisema mwezi ujao kuna mashindano, mwanzo saa kumi na mbili asubuhi pale Kunduchi, na njia inafungwa saa tisa alasiri. "Nikishindwa kumaliza kabla haijafungwa, baiskeli nitaileta hapa Kibamba kwa mikono yangu, na hamtaniona tena barabarani. Nikimaliza, asinisemeshe mtu."

"Mmesikia," alisema Theonest. "Wote mmesikia."

Njiani kurudi Felicitas alijilaumu mpaka Mbezi Luis. Toka Mbezi kwenda mbele akaacha kujilaumu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na nguo zenyewe ndizo zilizoleta kesi.

Fizza aliposikia alishika kichwa. "Ishu yako si mwendo," alisema. "Mwendo unao. Ishu yako ni sheria. Huruhusiwi kusaidiwa na mtu wa nje, umenielewa? Maji chukua kwenye meza zao tu. Hata bibi yako akikupa glasi, umetoka. Mtu akikushika mkono kukuinua, umetoka. Na nyie mna ndugu wengi."

Siku ikafika. Baharini Felicitas hakuwa na tabu. Maji yalikuwa na chumvi, na mwogeleaji mmoja alimpiga teke la taya, lakini mkono wake ulijua kazi. Alitoka akiwa katikati ya kundi, mbele ya wanaume wengi waliofika na magari makubwa, na hilo lilimpa furaha ambayo hakuungama.

Tabu ilianza Mapinga, wakati wa kurudi kutoka Bagamoyo. Tairi la nyuma lilipata pancha. Akavuta pembeni, na kumbe amesimama mbele ya kijiwe cha bodaboda. Vijana waliruka kutoka kwenye pikipiki zao kama watu walioona moto. Mmoja ameshashika usukani, mwingine anatafuta pampu, wa tatu anasema, "Sista, kaa hapa kivulini, hii kazi ya dakika sifuri." Nyuma yake mwamuzi wa mashindano alikuwa anakuja na pikipiki, anatazama.

"Msiniguse!" Felicitas alipiga kelele. "Msiguse baiskeli! Rudini nyuma wote!"

Vijana wakaganda. Katika nchi hii mtu akiharibikiwa anasaidiwa. Anayekataa msaada ama ni mchawi ama amerukwa na akili. "Mama, tunakusaidia tu," alisema yule wa usukani, ameumia kweli.

"Najua mwanangu. Ukinisaidia wananitoa."

"Nani anakutoa? Yule?" Wakamtazama mwamuzi kwa macho mabaya sana, na Felicitas akaogopa kwamba sasa atatolewa kwa kosa la mwamuzi kupigwa. Mwishowe walielewana. Vijana walikaa kwenye pikipiki zao mikono mifukoni, wakamfundisha kwa mdomo jinsi ya kuvua tairi, wote kwa pamoja, kila mmoja kwa namna yake. Alimaliza mikono imejaa grisi na muda mwingi umekwenda. Alipoondoka walimshangilia kama timu ya taifa.

Kwa hiyo alipoacha baiskeli na kuanza kukimbia, jua lilikuwa utosini na akiba yote ya muda ameila. Mbio zilikwenda mpaka Boko na kurudi, lami tupu, joto linapanda kutoka chini na kushuka kutoka juu. Wengi waliomzunguka walikuwa wanatembea. Yeye alikimbia mbio za mtu anayewahi duka lisifungwe, fupifupi, bila uzuri. Nyuma ya paja misuli ilianza kukaza, kwanza kushoto, halafu kulia. Aligundua kwamba miguu inakwenda ilimradi isikunjwe. Alipojaribu kuinama afunge kamba ya kiatu, goti lilikataa, akabaki ameshika nguzo mpaka lilipoachia. Kamba akaiacha ining'inie.

Ilikuwa hivyo alipofika Mtongani, pale njia inapokata kwenda Kunduchi, kimebaki kipande cha mwisho. Akaona Noah nyeupe anayoijua, gari la Theonest. Akaona kiti cha sebuleni cha Theonest kimewekwa pembezoni mwa barabara. Juu ya kiti amekaa Mama Paskazia, kitenge chake cha misa, mwavuli umeshikwa na mmoja wa wakwe. Na mbele ya kiti, juu ya vumbi, umetandikwa mkeka.

Felicitas akauelewa ule mkeka mara moja. Theonest hakuwa na haja ya kujua sheria za mashindano. Alimjua mkwe wao. Alijua hawezi kumpita mama yake akiwa amesimama, hajawahi, na hata angekuwa anakimbia moto angesimama aamkie kwanza. Na Felicitas naye alijua jambo moja ambalo Theonest hakulijua: akishuka kwenye mkeka ule hanyanyuki. Akishindwa kunyanyuka, watamwinua. Watamwinua kwa mapenzi, kumi kwa pamoja, na mwamuzi huyo hapo nyuma.

"Felicitas!" Theonest aliita. "Mama yuko hapa!"

Kama kiti kile kingekaliwa na Theonest, hadithi ingekuwa nyepesi. Lakini huyu ndiye aliyekuja kukaa naye miezi alipojifungua. Huyu ndiye aliyemshika mkono usiku Revelian alipokata roho, akamwambia, mwanangu, umefanya yote. Felicitas alimpenda kuliko alivyompenda mtu yeyote aliyekuwa hai katika mji ule. Alikuwa tayari kumpigia magoti mbele ya dunia nzima, siku yoyote, lakini si siku ambayo magoti yake yametumwa na mtu mwingine.

"Shikamoo, mama!" alisema, na miguu ikawa inakwenda. "Mama, leo nikishuka sinyanyuki!"

Akapita. Aliukwepa mkeka kwa upande, usoni kwa Mama Paskazia hakuthubutu kuangalia, akatega sikio. Hakusikia kitu. Mama hakuitika.

"Felicitas! Umempita mama!"

"Nimempita!" alijibu bila kugeuka.

Kutoka hapo mpaka baharini alilia. Alilia kwa sauti, hadharani, huku anakimbia, na waliokuwa pembeni walidhani ni miguu. Alimlaani Theonest na kiti chake. Alijilaani mwenyewe. Aliwaza kusimama, arudi, ashuke pale mkekani abaki hapohapo, na kila alipowaza kusimama hasira ilimsukuma hatua nyingine mbele. Kwa nini lazima iwe yeye anayeshuka? Miaka yote hiyo kuna mtu amemwuliza kama magoti yanauma?

Walikuwa wameanza kukunja mahema alipoingia ufukweni. Mtangazaji alikuwa anahesabu kwa kipaza sauti dakika za mwisho, na sauti yake ilimkata Felicitas maini. Alivuka mstari zikiwa zimebaki dakika ambazo hazitoshi kuchemsha chai. Fizza, aliyemaliza zamani na kuoga na kula, alimdaka kabla hajaanguka. "Sasa ruksa," alimwambia, akimkumbatia. "Sasa niegemee uwezavyo."

Noah iliwasili hawajakaa sana. Theonest alitangulia, uso umejaa hasira, na watu wa ukoo nyuma yake, na mwisho kabisa Mama Paskazia na fimbo yake, anakanyaga mchanga pole pole. Felicitas akajiinua kwa bega la Fizza.

"Umetimiza lako," alisema Theonest. "Sasa timiza letu. Piga magoti umwombe mama radhi, na watu hawa hawa waone."

"Kuamkia nitamwamkia. Radhi siombi."

"Hutaki?"

"Sijamkosea, shemeji. Uliyetandika mkeka barabarani ni wewe. Uombe wewe."

Kwa kweli alijaribu kushuka. Mguu ukakaza kama mti, akapiga ukelele, akabaki wima, medali shingoni, grisi ya baiskeli mpaka kwenye paji la uso. "Shikamoo, mama," alisema akiwa amesimama, na machozi yakamjia tena.

"Utaniamkia mara ngapi leo?" alisema Mama Paskazia. "Kule barabarani nimekuitikia, nikakuta umeshafika mbali. Mwanangu, unakimbia sana."

Fizza, ambaye alijua jinsi Felicitas anavyokimbia, akageuka akatazama bahari.

"Mama, amekuamkia amesimama!" Theonest alisema. "Amekupita kama mpita njia! Hiyo ni mila ya wapi?"

Mama Paskazia akachomeka fimbo mchangani, akaegemea. "Mila ninaijua kuliko wewe. Nikiwa binti nilikamata senene kila msimu. Nikawatoa mabawa, nikawakaanga, wakala baba na kaka zangu. Mwanamke hali senene, ndiyo mila. Nilinusa tu. Msimu uliopita nani aliniletea senene Kibamba?"

Theonest akakohoa. "Mimi, mama."

"Nikala?"

"Ukala."

"Ukaniongezea?"

"Nikakuongezea, mama."

"Basi tulia." Kisha akamgeukia Felicitas, akamshika mkono wenye grisi, akaugeuza akautazama kama anayekagua ndizi sokoni. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Kabla hawajafunga."

Watu wa ukoo wakaanza kupumua. Wakwe wawili walipiga vigelegele, vya woga kwanza. Theonest naye, kwa kuwa mhasibu hakosi njia ya kufunga hesabu, akanyoosha shati. "Haya. Amesema atamaliza, amemaliza, hatumsemeshi. Basi yameisha kwa heshima. Baiskeli apewe mwingine, nasi turudi kwenye maisha yetu."

Felicitas alikuwa amechoka kwa namna aliyokuwa akiitafuta. Hapakuwa na kitu kilichobaki ndani, hata hofu. Mpaka anafungua mdomo hakuwa ameamua lolote.

"Shemeji," alisema, "hii ilikuwa nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya yenyewe. Kuna nzima. Baharini mara mbili ya leo, baiskeli mara mbili, kukimbia mara mbili, siku hiyo hiyo moja. Nzima naifanya mwakani."

Theonest alimtazama Fizza apate kukanushiwa. Fizza akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

"Na nzima inataka vilima," Felicitas aliendelea. "Tegeta kilima ni kimoja, nimeshakimaliza. Vilima viko Barabara ya Morogoro. Nitapita Mbezi, nipande Kibamba, kila Jumamosi, mlangoni kwako. Na nguo ni hizi hizi."

 Aliyejibu ni Mama Paskazia.

"Ukifika getini piga kengele, nitoke nikuone."

"Haina kengele, mama. Za mashindano hazina."

"Basi uniite kwa sauti," alisema Mama Paskazia. "Kibamba nzima isikie."